Kosa Alilobebeshwa Gauthier

Nchelenge, tarehe 9 Novemba 2024

Kwa Papa Mulumba,
Kilwa

Papa yangu mupendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta muzima na kwamba lile goti la kushoto linakuruhusu kufika kanisani bila fimbo. Mama Clotilde naye habari gani? Dawa yake ya presha ilifika? Stéphane aliniapia kwamba aliiweka mikononi mwake mwenyewe, lakini wauza samaki wanaapa upesi, ndiyo maana nauliza. Sisi huku tuko wazima. Mvua ya kwanza ilinyesha juma lililopita na kulaza vumbi la barabara ya Mansa. Soko la samaki la Kashikishi limejaa watu mpaka hakuna pa kukanyaga, kila mutu anakimbilia kununua na kukausha kabla uvuvi ziwani haujafungwa mwezi wa kumi na mbili.

Utashangaa kuona karatasi, Papa, wakati simu iko. Nimepiga simu mara tatu. Kila mara nilipotaja jina la kaka yangu, yaya Gauthier, uliniuliza kama nimekula, halafu mutandao ukakatika. Kazi yangu ni mutandao, Papa. Najua unapokatika, na najua mutu anapoukata. Basi nimeandika, na Stéphane atavuka ziwa na barua hii Jumatano. Nakuomba uisome mpaka mustari wa mwisho, hata kama katikati utataka kuitupa motoni.

Nimesikia uliyosema kwenye matanga ya shangazi, mwezi wa tisa. Watu watatu tofauti wameniletea maneno yaleyale, kwa hiyo najua hayakuongezwa chumvi. Ulisimama mbele ya ukoo wote ukasema huna mutoto mwanaume mwenye kufukuzwa kazi juu ya kuharibu vitu vya watu, na kwamba hutakwenda Pweto kukaa mbele ya wazazi wa Simone ili kumuombea muke. Tangu siku hiyo wazazi wa Simone wamepanga viti mara mbili, wamepika, na hakuna mutu wa kwetu aliyetokea. Sasa wamesema wanangoja mpaka mwisho wa mwezi huu tu, kisha watasikiliza mwingine. Yaya mwenyewe yuko sokoni Pweto, anafungua simu za watu kwa bisibisi juu ya meza ya kuazima. Yeye aliyekuwa anachunga seva.

Papa, ulikuwa direkta wa shule miaka ishirini na sita. Hukumupiga mwanafunzi hata mumoja kabla ya kuuliza nini kilitokea. Kwa mutoto wako wa kwanza hukuuliza. Nisamehe kuandika hivyo, lakini sitafuta. Wacha sasa nikueleze kilichotokea, polepole, sawa unavyopenda kuelezwa.

Unakumbuka biro yetu, ile ofisi niliyofanya kazi na yaya, inatafuta jamaa waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Mutu anatoka kambi ya Mantapala, au anavuka mupaka kutoka kwenu, anatoa majina, picha, mara nyingine sauti yake, na sisi tunatunza mpaka jamaa yake apatikane. Vyote vinakaa ndani ya mashini. Tuko na seva mbili, na ndani ya hizo mbili munaishi mashini zingine saba ambazo huwezi kuzishika kwa mukono, ni programu zinazojifanya mashini. Moja inachunga dosye, yaani faili za watu, moja sauti, na kadhalika. Lakini seva zenyewe hazitunzi kitu. Kila zinachoandika kinapita kwenye kamba ya mutandao mpaka kwenye sanduku la tatu lenye diski ishirini na nne, tunaliita stokaji. Seva zikipoteza njia ya kufika kwenye stokaji, mashini zote saba zinaganda palepale, sawa mwalimu aliyenyang'anywa ubao katikati ya somo.

Stokaji yetu ilikuwa na milango miwili ya kamba. Mumoja ulikufa mwaka jana. Yaya aliandika kwa direkta wetu, ba Boyd, akiomba kipuri. Akaandika tena akiomba stokaji ipewe switchi yake ya peke yake, yaani kile kisanduku cha kuunganisha kamba, isichanganywe na kompyuta na printa za biro. Barua zote mbili zilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Ziko kwenye faili mpaka leo, na muhuri juu.

Jumatatu tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane, saa nne asubuhi, umeme ulikatika, jambo ambalo mwaka huu halimushangazi mutu. Betri za sola zikapokea kazi, hata taa hazikupepesa. Lakini dakika chache baadaye mashini zote saba ziliganda. Nilikuwa nimekaa karibu na yaya. Aliita adresi ya stokaji kutoka kwenye seva, ikajibu vizuri, mara kumi kwa kumi. Akajaribu kuingia kwenye diski, ikakataa. Aliniambia, "Priscille, inaniitikia lakini hainifungulii." Akabadilisha kamba. Akahamisha kamba kwenye tundu lingine la switchi. Akalinganisha, herufi kwa herufi, majina ambayo seva zinajitambulisha nayo mbele ya stokaji. Akaandika neno la siri upya. Hakuna kitu. Saa tisa umeme ulirudi, na wakati uleule yeye alikuwa amechomeka kamba mupya, na kila kitu kikafufuka. Ba Boyd alipiga makofi. Yaya hakufurahi. Alisema ugonjwa unaokwenda bila kuonyesha uso wake utarudi.

Ulirudi Jumatano, umeme ulipokatika tena. Safari hii dosye na sauti zilikuwa katikati ya kuandikwa. Njia ilipofunguka jioni, faili kubwa lilikuwa limepasuka na halikufunguka, na nakala za tangu mwezi wa nne zilikuwa zimewekwa kwenye diski zilezile, kwa kuwa hatukupewa mahali pengine. Tulipoteza watu mia tatu na kumi na wawili, Papa. Najua wako hai, wengi wao. Nasema majina yao, picha zao, sauti zao, na mahali walipoonana na watoto wao mara ya mwisho.

Alhamisi alikuja mwanamuke anaitwa Chouchou, kutoka Mantapala, kwenye baiskeli ya kukodi. Baba yake, muzee Mwamba, alirekodi sauti kwetu mwezi wa tano, akiwaita vijana wake wawili waliopotea njiani. Mwezi wa saba muzee alikufa. Sasa kijana mumoja alikuwa amepatikana Kalemie, na Chouchou alikuja kuchukua sauti amutumie. Yaya alimwambia akiwa amesimama, mikono nyuma, sawa mutoto wa shule. Hakumudanganya kwamba itapatikana. Chouchou akamuuliza:

"Sasa ndugu yangu nitamupelekea nini?"

Yaya alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemurekodi muzee. Chouchou akamuomba basi amwambie baba yake alisema nini. Yaya akajaribu. Alikumbuka kwamba muzee aliwaita kwa majina yao ya nyumbani, na kwamba alitaja shamba na muti fulani, na kwamba alikohoa sana na kuomba waanze tena. Zaidi ya hapo hakukumbuka. Alikuwa amerekodi watu wengi. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango na nilisikia yote.

Ijumaa alifika mutaalamu kutoka Lusaka, jina lake Kabaso, na begi la vifaa ambalo hatukuwahi kuona mfano wake. Akavuta kamba zote, akazipanga upya, akazifunga kwa rangi rangi, akapiga picha. Tangu siku hiyo ugonjwa haukurudi. Umeme ulikatika Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, na stokaji haikutikisika. Ndipo Kabaso akaandika kwenye rapore, ripoti yake ya kazi, kwamba chanzo ni kamba zilizounganishwa ovyo, na fundi aliyebadilisha mambo bila utaratibu. Ilionekana wazi kabisa. Kabla ya Kabaso iliharibika, baada ya Kabaso ikapona. Nani angebisha?

Jumanne tarehe ishirini ba Boyd alituita wote wawili. Alisoma rapore kwa sauti. Kisha alimuuliza yaya, mbele yangu, kama kuna mutu mwingine yeyote aliyegusa mutandao mwezi ule. Yaya hakunitazama. Alisema, "Mwenye kazi hii ni mimi." Ba Boyd akasema basi hakuna la kuongeza. Yaya alitoa funguo, akavua kadi shingoni, akaondoka bila kupita nyumbani kula. Siku ya pili yake alivuka kwenda Pweto. Na mwezi wa tisa, Papa, wakati wewe ulikuwa unamukana mbele ya ukoo, mimi nilipewa kiti chake.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito. Nimeandika ukurasa huu mara nne.

Mutu mwingine aliyegusa mutandao ni mimi.

Ijumaa tarehe tisa, siku tatu kabla ya ugonjwa wa kwanza, ba Boyd alitaka kuona kiasi cha betri za sola kwenye simu yake. Yaya alikuwa Kashikishi kwa kazi nyingine. Mimi nilikuwa kwenye kontra, mukataba wa majaribio uliobaki majuma matatu, na nilitaka sana kuonyesha kwamba nami najua. Mashini ya betri ina kadi ndogo ya mutandao, na kila kitu cha mutandao lazima kipewe adresi yake, sawa namba ya nyumba. Nilitazama orodha ya zamani, si ile iliyobandikwa ukutani. Kwenye orodha ile namba kumi na mbili ilikuwa wazi. Nikaipa. Kumbe kumi na mbili ilikuwa ya stokaji, ule mulango wake wa pekee uliobaki. Na ile kadi ya betri inaamka tu wakati umeme umekatika, au mutu akibonyeza kitufe chake. Umeme ukiwepo, imelala, na stokaji iko peke yake kwenye adresi yake. Umeme ukikatika, wanakuwa wawili nyumba moja, na seva zinapeleka mizigo kwa yule asiyejua kuipokea. Yaya alipoita na kujibiwa mara kumi kwa kumi, aliyemujibu ilikuwa betri.

Utasema hilo ni kosa la kutojua, na kila fundi amewahi kukosea. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini nilijua, Papa. Alhamisi ile, baada ya Chouchou kupanda baiskeli yake na kwenda, niliibonyeza kadi ya betri kuiamsha, nikafungua ukurasa wake nione kiasi, nikaona namba, nikainua macho kwenye orodha ya ukutani. Pale kumi na mbili ilikuwa ya stokaji. Yaya alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi. Hatua kumi na tano hivi. Sikwenda. Nilibadilisha adresi ya betri ikawa arobaini, nikafunga ukurasa, nikaenda kuteka maji ya kunywa ambayo sikuyanywa.

Ndiyo maana ugonjwa haukurudi. Si kwa sababu ya Kabaso na kamba zake za rangi. Mimi niliuponya siku moja kabla hajafika, kwa siri, na kwa kuuponya nilimunyima yaya ushahidi wake wote. Kama ningeliacha hata kosa lenyewe likae pale, Kabaso angelikuta. Niliogopa kontra. Niliogopa kuonekana mutoto wa kike aliyeletwa kazini na kaka yake akaja kuharibu. Baadaye niliogopa kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kunyamaza siku moja, kisha juma, kisha mwezi, na kila siku ilifanya ya kesho yake iwe nzito zaidi.

Ningekuwa nimenyamaza mpaka leo, sitakudanganya. Lakini siku kumi na mbili zilizopita nilikuwa nasafisha droo za meza yake, ambayo sasa ni yangu, nikakuta daftari lake la kazi. Yaya anaandika kila kitu, ulimufundisha wewe. Nilifungua kwenye tarehe kumi na nne, mwezi wa nane, ile Jumatano. Alikuwa ameandika adresi kumi na mbili, na chini yake namba mbili za kiwandani, zile ambazo kila kifaa kinazaliwa nazo. Mbele ya moja aliandika: stokaji. Mbele ya nyingine aliandika: betri, Priscille. Na chini yake: Nitamungoja aseme mwenyewe.

Nikafungua Alhamisi. Mustari mumoja tu: Saa sita adresi ya betri imebadilishwa. Ameona. Sasa atasema.

Ijumaa hakuandika kitu. Jumatatu hakuandika kitu. Jumanne hakuna ukurasa.

Alijua kabla yangu, Papa. Alikaa kwenye zile ngazi akinisikiliza kama natoka. Alisimama mbele ya ba Boyd na jibu kwenye kinywa chake, nami nikiwa kando yake, na alinipa nafasi hata pale, maana alikaa kimya kidogo kabla ya kusema mwenye kazi ni yeye. Nilihesabu kimya kile kuwa woga wake.

Nimefanya yaliyobaki, yamechelewa na hayana thamani kubwa. Nilikwenda kwa ba Boyd nikamwambia kila kitu, na daftari mukononi. Alisoma, akalirudisha, akaniambia kwa upole kwamba rapore imefungwa, wafadhili wameisoma na wameridhika, switchi mupya ya stokaji imeagizwa kwa sababu ya rapore ileile, na kwamba tukifungua jambo hili tena watauliza kwa nini barua za Gauthier hazikujibiwa. Akasema nirudi kazini. Akasema, "Mwapoleni," sawa mutu anayemupa pole mugonjwa. Basi niko kazini. Sijui kama nimebaki kwa sababu hakuna mwingine wa kuchunga mashini zile, au kwa woga uleule. Usinisifu kwa lolote.

Nilikwenda Mantapala pia. Chouchou alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu. Kisha akaniuliza, "Na sauti imerudi?" Nikasema hapana. Akaendelea kumenya.

Kwa yaya nilituma ujumbe mrefu sana kwenye simu, nikilia, kwa aibu nikaandika hata mambo ya utoto wetu. Siku ya tatu alijibu maneno matatu: Hiyo ambia Papa.

Nimekuambia.

Sikuombi unisamehe. Hiyo tutaiongea siku nyingine, uso kwa uso, na utakachosema nitakipokea nikiwa nimepiga magoti. Nakuomba jambo moja lenye tarehe. Nenda Pweto kabla ya mwisho wa mwezi. Stéphane amekubali kukupeleka kwa mashua yake mpaka mulangoni kwao, goti lako halitasumbuka na barabara. Kaa kwenye kiti cha wazazi wa Simone, uwaambie kwamba mutoto wako hakuharibu kitu cha mutu. Na kwa kuwa ulimukana mbele ya watu, usimurudishe kwa siri jikoni. Waite walewale waliokuwa kwenye matanga, uwasomee barua hii, jina langu usilifiche. Mama Clotilde atakuambia unionee huruma. Usimusikilize.

Nasalimu Mama Clotilde, nasalimu mujomba Félix na watoto wake wote, nasalimu pasta na kwaya ya akina mama, nasalimu na Plamedie wa jirani, mwambie vitambaa alivyoagiza nimevipata. Mungu akulinde, Papa, na akupe miguu ya kufika Pweto.

Usinijibu mimi kwanza. Mwandikie yeye.

Mutoto wako,
Priscille